Uzi wa Nyama

...nani mwingine, ameuliza nani mwingine pale nyumbani anampa mbwa nyama, na mimi nimefungua mdomo nijibu hakuna, daktari, naishi peke yangu, lakini kibano kiko mkononi mwake na kwenye ncha ya kibano kuna uzi wa nyama, mwembamba, umetoka sasa hivi katikati ya magego ya Bwana Mkubwa, mbwa wangu, nimeuona kwa macho yangu ukitoka, na huyu daktari, binti mdogo tu, anaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, anasema hii ni ya leo, baba, ya leo mchana... na Bwana Mkubwa amesimama juu ya meza ya bati, miguu inamteleza, kiuno chote hakina manyoya, ngozi imekuwa nyeusi na nene kama kisigino changu, makwapa mekundu, masikio yananuka, shemeji, mdogo wake mke wangu, amemkumbatia shingoni na bado mguu wa nyuma unajikuna wenyewe hewani, haugusi kitu, unakwenda tu, shemeji anamwambia tulia wewe, unajikuna kama ngozi umeazima... Mwanzo tulidhani viroboto, daktari akamchana kwa kitana, akakung'uta vumbi juu ya pamba yenye maji, akasema tazama baba, pamba ingekuwa nyekundu tungejua ni viroboto, haikuwa nyekundu. Tukadhani upele, akamkwangua kwa wembe, akatazama kwenye hadubini, hakuona mdudu, akamdunga sindano hata hivyo. Jirani akasema apakwe oili chafu, shemeji akaja nayo hapa kwenye chupa ya maji ya kunywa, daktari akacheka mpaka akashika ukuta, mama, huyu ni mbwa au injini? Ndipo akasema ni chakula, wapo mbwa wanakula nyama ya ng'ombe miaka na miaka, kisha siku moja mwili unaikataa, unaisema kwa kuwasha, basi apewe samaki na viazi vya kuchemsha, hivyo tu, kipande kimoja cha nyama kitaharibu kazi yote. Akakaa kwa shemeji miezi miwili, akapona, manyoya yakaota laini kama ya mtoto wa mbwa, nikamrudisha kwangu, nikampikia samaki na viazi, Mungu ni shahidi, na wiki haikuisha akaanza tena... "Mimi usinitazame, daktari," shemeji anasema, "kwangu hata paka nyama anaiona kwa jirani. Muulize huyu shemeji yangu, anapika chakula cha watu wawili na mwenyewe amekonda kama mpini wa jembe." Cha watu wawili, ndiyo, mkono wangu haujajifunza kupakua sahani moja, siku watu wa msiba wa mke wangu walipotawanyika nilipakua mbili, yake nikaiweka upande wake, dirishani, pamoja na nyama, maana nyama alipenda yeye, mimi nilishakatazwa hospitali, na nilipotambua nilichofanya nikaona aibu, nikaenda chumbani kusali. Niliporudi sahani ilikuwa tupu. Kijiko kimelazwa kifudifudi juu yake, hivyohivyo alivyokuwa akikilaza mke wangu. Sikupiga kelele, nilikaa, mlango nilikuwa nimefunga na ufunguo uko mfukoni, dirisha lina nondo na wavu, wavu umechanika pembeni, mkono unapita, kichwa cha mbwa hakipiti, na mbwa mwenyewe nilimfunga mnyororo nje, chini ya hilo dirisha... nimefundishwa tangu utotoni kwamba aliyekufa yuko mikononi mwa Mungu na hana haja na mchuzi wangu, naamini hivyo, bado naamini, lakini kesho yake nilipakua tena, na keshokutwa, kila mchana naweka, naenda kusali, narudi, tupu, ila miezi ile miwili mbwa hayupo ilikuwa inabaki, sikujiuliza kwa nini, na nikashukuru, Mungu anisamehe, nikasema, bado anakula... "Hii nyama ina harufu," daktari anasema, ameisogeza puani, amekunja uso, "kama dawa ya kuchua. Ile kali ya wazee. Nani kwenu anajichua mikono?" Na shemeji amenusa vidole vyake mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimchua dada yake, vidole kimoja kimoja, jioni na asubuhi, chupa ilipokwisha mke wangu alikwenda nayo kaburini... hapana, chupa tulitupa, ni harufu iliyokwenda naye. Alianza lini kujikuna, daktari aliniuliza siku ya kwanza, nikamjibu mke wangu alipolala kitandani asiinuke tena, akasema pole baba, akaendelea kumpapasa mbwa, na mimi sikusikia nilichosema. Nimekisikia sasa. Kitanda chake tulikisogeza jikoni, chini ya dirisha lilelile, apate hewa, anione nikipika, na kila siku nilimpakulia, nikaenda kusali, nikarudi, tupu, kijiko kifudifudi, na yeye anatabasamu, leo umepatia chumvi, mume wangu. Nikamwambia daktari wa hospitali anakula vizuri, sahani inarudi nyeupe, naye akaushika mkono wake, mfupa na ngozi, akaniuliza, anakula kweli? nikakasirika, nilimkasirikia mtu wa watu. Na huku nje Bwana Mkubwa alikuwa akinenepa. Ananenepa na kujikuna. Ee Mungu wangu, mke wangu alikuwa akimpa mbwa, kipande kwa kipande, kwa mkono ule usioweza kuinua kikombe, ili mimi nirudi kwenye sala nione sahani tupu nifurahi... basi hata sasa yeye hali kitu. Nimekuwa nikishukuru bure. Hata sasa anakaa pale, anangoja nigeuze mgongo, anapitisha mkono kwenye wavu, anakilaza kijiko, bado ananionea huruma, na huko aliko hajatia kitu mdomoni. "Baba?" daktari anasema, "sikulaumu, nataka kujua tu, la sivyo atajikuna mpaka atoe damu. Ni nani?" na nitamwambiaje, nikiacha kupakua mbwa atapona, ni kweli, na mke wangu atakuja akute meza haina kitu, atadhani nimemchoka, na kumwambia aache siwezi, akiwa hai hakukatazika, nilikuwa nikisema mwache huyo mbwa, naye anasema ndiyo mume wangu, huku mkono uko chini ya meza... "Nitapika samaki na viazi," nasema, sauti yangu naisikia kwa mbali, "sahani zote mbili. Nyama haitaingia tena mle ndani." Daktari anatikisa kichwa, hajaridhika, kibano bado kiko juu, na mguu wa Bwana Mkubwa bado unakwenda hewani, na shemeji ananitazama juu ya mgongo wa mbwa, macho yamemtoka, anasema polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtu, "Shemeji, dada hapendi samaki." "Najua," nasema, "wala hataonja."