Asante, Limepokelewa

Kwa siku kumi na moja, seva inayowaitia wafugaji wa Chepseon daktari wa mifugo haikuwa imezimika hata mara moja, na Nicholas aliyeiunda alitembea kifua mbele. Kabla ya hapo, ombi moja tu la simu lililojazwa vibaya lilitosha kuiangusha yote. Alipochoka kuiwasha upya, aliiamuru itupe kila ombi isiloelewa, kisha ijibu, "Asante, limepokelewa," ili watu wasimsumbue. Huo ndio aliouita ukarabati!

Alfajiri ya Jumanne, shangazi yake Rodah aliomba daktari kwa simu kupitia seva hiyo. Palipotakiwa namba ya ng'ombe, ile ya kwenye kibandiko cha sikioni, aliandika Chelel, jina la ng'ombe wake, maana ni nani huita ng'ombe wake kwa namba? Chelel alikuwa amekwama akizaa.

Nicholas alifika saa nane mchana, akamkuta shangazi ameketi kwenye nyasi kando ya mzoga uliofunikwa turubai.

"Shangazi, mbona hukunipigia simu?"

Rodah alimnyooshea simu yake. Ile asante ilikuwa bado pale kwenye kioo.

"Nikupigie ya nini, na mlishaniambia mmepokea?"