Madoa Manne Mekundu

Barua ya shemeji yangu Nzivo ilifika Umoja, Nairobi, siku ya Jumatano, mwezi wa tatu mwaka wa 1996, imekunjwa mara nne. "Shemeji," aliandika, "ile miti ya kisimani ilikauka yote tangu ukame wa mwaka juzi. Yamebaki magogo tu. Wachongaji wanataka kuyabeba, lakini chifu anasema shamba ni la marehemu Muthama, lazima mjane wake akubali. Tia sahihi hapa chini uturudishie."

Muthama ndiye mume wangu. Amelala pale pale kisimani, kule kwetu Kithumbani, Ukambani, hatua ishirini kutoka kwenye maji. Kuna mikuyu miwili, na mihugu imeizunguka. Yeye alikuwa mchongaji. Maisha yake yote alikula kwa mti wa muhugu, akichonga twiga na vifaru kibandani kwake Gikomba, lakini mihugu ya kisimani hakuigusa. Wenzake walimcheka. Yeye akasema, "Hii ndiyo inashikilia maji. Nikiikata, watoto wenu watakunywa twiga?"

Mimi na yeye tulianzia kwenye kisima hicho. Nilikuwa nikienda kuteka maji, naye anajifanya amepita tu. Namwambia, "Kitendawili!" Anasema, "Tega!" Natega, anashindwa, nadai mji. Alinipa Machakos, akanipa Mombasa, siku moja akanipa Nairobi na kweli akanileta. Tulikuwa tumezaa watoto watatu aliponiambia kwamba majibu alikuwa akiyajua yote. Alikuwa anashindwa makusudi ili nikae zaidi.

Tangu tumzike ni miaka kumi na moja, na sijarudi. Watu wakiniuliza nasema ni magoti. Si magoti. Niliogopa kuinama kwenye maji yale peke yangu. Lakini kila nikilala hapa Umoja, na mabati yanalia kwa joto, naisikia mikuyu ile ikivuma.

Mjukuu wangu Kavinya, ninayekaa naye, alisoma barua akakasirika. Yeye ni karani katika ofisi moja mjini inayoangalia misitu na malisho kwa picha za setilaiti.

"Susu, usitie sahihi," akaniambia. "Nitakuletea picha ya Kithumbani. Imepigwa kutoka juu mwezi wa pili, juzi juzi tu. Haiwezi kudanganya."

"Kutoka juu wapi? Kwa ndege?"

"Juu zaidi ya ndege, Susu. Juu sana."

"Hicho kitu kinaniona nikianika nguo?"

"Hakikuoni. Wewe ni mdogo sana."

"Mimi mdogo? Muulize fundi wa magauni."

Ijumaa jioni aliileta kweli, karatasi ngumu yenye kung'aa, imezidi meza. Alikuwa ameizungushia Kithumbani duara la kalamu ya risasi. "Hapo penye duara ndipo kisimani, Susu. Nitakueleza nikirudi, kwaya wananingoja." Akatoka mbio.

Ningengoja. Lakini nani anaweza kungoja? Nilivaa miwani nikainama. Nikauona mto wetu, umepinda kama kiwiko. Nikaiona barabara. Kisha nikaingia ndani ya duara. Palikuwa pekundu. Wekundu mtupu, kama goti la mtoto lililochubuka. Pande zote kuzunguka pale, mashamba ya majirani, rangi ilikuwa ya buluu iliyofifia.

Mtu wa Ukambani hafundishwi wekundu ni nini. Ni udongo uliobaki mvua na miti vikishaondoka. Na mlima wenye miti, ukiuona kwa mbali, ni wa buluu. Basi nikasoma picha ile kama ninavyosoma nchi yetu: wenzetu wote wana misitu, kwetu pamebaki udongo, na Muthama wangu amelala juani.

Nilikaa na ile karatasi mapajani. Sikulia. Nilijisemea, ulingoja miaka kumi na moja, ulidhani miti itakungoja? Nikachukua kalamu nikatia sahihi, nikaenda kulala kabla Kavinya hajarudi. Jumamosi asubuhi, yeye ameshakwenda kazini, Kitonga dereva wa basi la Machakos akapita kunisalimu kama kawaida yake. Nikampa bahasha amfikishie Nzivo.

Saa saba Kavinya akaingia. "Niaje, Susu! Umeona? Furaha gani!"

"Furaha ya nini? Nimeona udongo."

"Udongo gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaniangalia, kisha akaketi polepole.

"Susu, wekundu ndiyo miti."

"Usinichezee."

"Haki ya Mungu. Jani lililo hai linarudisha mwangaza ambao macho yetu hayauoni. Ile mashine inauona. Ndiyo maana ofisini tunaupa rangi nyekundu, ili na sisi tuuone. Jani likifa, wekundu unaisha. Hii buluu yote ndiyo udongo mtupu." Akahesabu ndani ya duara. "Kila doa ni mita thelathini kila upande, kama kutoka hapa mlangoni mpaka kwa mama wa mboga. Moja, mbili, tatu, nne. Bonde zima limekauka, Susu, yamebaki haya manne. Ya babu."

"Kavinya, nimetia sahihi. Kitonga ameondoka na barua."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili sikwenda kanisani. Alfajiri nilikuwa mlangoni na kikapu, picha nimeizungushia kanga. Njoki, yule mama wa mboga, akanitania, "Shosho, na hayo magoti unakimbilia bwana?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Wanataka kumvua nguo."

Nilifika Kithumbani saa sita. Njia nzima niliona bonde nisilolijua, tupu, limenyolewa. Majina ya mashamba nilikuwa nayo mdomoni lakini sikuwa na mahali pa kuyaweka. Kisha nikapinda penye kiwiko cha mto, nikausikia ule mvumo kabla sijaona kitu. Ilikuwa imesimama. Mikuyu miwili, na mihugu imeizunguka. Chini yake watu wawili wameketi juu ya mizizi na msumeno mrefu, na Nzivo mbele yao, na bahasha yangu mkononi.

"Shemeji!" Akaruka. "Magoti yamepona?"

"Yameponywa na barua yako. Magogo yako wapi?"

Nikafungua kanga, nikaitandaza picha kwenye nyasi.

"Hii ni damu?" akauliza mmoja wa wale wachongaji.

"Ni miti hii uliyoikalia. Ilionekana hai mwezi wa pili, na mwezi wa tatu shemeji yangu akaniandikia imekufa."

Yule mchongaji akamgeukia Nzivo. "Wewe ulituambia mama amekubali akijua."

Nzivo alichora chini kwa kidole cha mguu, mtu mzima wa miaka sitini. "Shemeji, nilidhani hutarudi tena," akasema.

"Hata mimi," nikamwambia. Sikuweza kumkasirikia zaidi ya hapo. Nikanyoosha mkono. "Sahihi ni yangu. Nipe."

Akanipa. Nikaichana vipande, nikavitia kwenye kikapu. Wale wawili wakabeba msumeno wao, na Nzivo akawafuata bila kuaga.

Nikabaki ndani ya madoa yangu manne. Niliinama kwenye maji, magoti yakalia, yakakubali. Maji yalikuwa baridi vile vile. Nikanywa, nikaenda kuketi karibu naye.

"Kitendawili," nikasema.

Mikuyu ikavuma. Nilingoja kidogo aseme tega. Nikatega hivyo hivyo: "Aliye juu ananiona mwekundu, aliye chini ananiona kijani."

Hiki asingekijua. Kwa mara ya kwanza angeshindwa kweli, na mimi ningemdai mji. Nikakaa pale pale, namngoja, mpaka kivuli kikalifikia kaburi.