Mshale Uliokataa Kupanda

Siku hiyo maziwa yalikuja kidogo mpaka aibu. Zamani, kabla ya ukame, kina mama wa Kiorma wangejaa pale kwa kituo cha maziwa Garsen kelele tupu, kila mtu na vibuyu vyake, Hawo, mfanyakazi wa kituo, anapima huku anawafokea wapange laini kama watu. Sasa walikuja wachache, vumbi hadi kwa kope, na mtu akimimina unasikia shwaa kidogo, halafu kimya. Imeisha.

"Ndio haya tu?" Hawo akauliza.

"Ulitaka nikamue ukuta?" akasema Gumato, mwenyekiti wa kikundi chao, mama mtu mzima anayeongea huku anavuta pumzi. "Ng'ombe wenyewe wanatembea kama wanasindikiza maiti. Wewe chemsha, mwanangu. Lori lipate kitu."

Hiyo ya lori ndiyo ilikuwa inamsumbua Hawo. Mchana Katana angefika na lori la baridi kutoka Malindi, na tajiri wake alishatuma maneno: leo wakikosa mzigo wa maana, Garsen basi, hatarudi tena. Na lori likikata mguu, maziwa utamuuzia nani hapa? Kila mtu ana ng'ombe, ama alikuwa nao.

Basi akaingia kwa chumba cha tangi. Tangi lilikuwa refu, la chuma, kuta mbili, na kati ya ukuta na ukuta ndimo mvuke unapita, yaani maziwa yamevalishwa koti la joto, moto wenyewe hauyagusi. Mvuke unatoka kwa boila nje ya mlango, kwa Nuhu, Mpokomo wa Kulesa ambaye mdomo wake na kuni zake za mathenge havipumziki. Kazi ya Hawo ni koki. Geji, ile ya kupima joto la maziwa, mshale wake ukifika sitini na tano, anabana mvuke. Ukishuka, anaachilia kidogo. Kulikuwa na koki ya kujibana yenyewe lakini ilikufa kitambo, kwa hivyo mkono wake ndio ulikuwa mtambo. Fundi aliyewafungia hilo tangi alimwambia, mambo ya kutia kidole kwa maziwa kuonja joto muachie nyanya yako, wewe amini geji. Akaiamini. Na kusema ukweli, haikuwahi kumuangusha.

Leo mshale ulipanda kidogo, ukakwama arubaini. Akafungua koki. Akangoja. Bado.

"Nuhu! Ongeza moto, mshale haupandi!"

"Niongeze na viatu vyangu? Hapa boila inakoroma kama mzee!"

"Ongeza bwana!"

"Kwani hayo maziwa yana baridi yabisi?"

Hawo akacheka, cheko la mtu hana raha, akafungua koki mpaka mwisho.

Moshi ukaanza kunukia. Hapo ndipo mtu mwingine angeshtuka, lakini Hawo ni Muorma, na maziwa ya Kiorma ni ya moshi tangu yaumbwe. Kibuyu hakitiwi maziwa kabla hakijafukizwa na makaa, la sivyo hayo unayokunywa ni maji meupe ya wagonjwa. Wateja wa Malindi walilalamika sana mwanzo, na kila mara ni Hawo aliyewatetea. Kwa hivyo harufu ilipopanda, nzito, tamu, alijisemea moyoni: angalau ni kidogo lakini ni ya kweli. Akakaa pale macho kwa mshale, anauombea upande.

Katana alifika, akashuka kwa lori anajinyoosha, akasimama mlangoni. Pua ikafanya kazi kabla ya salamu.

"Dada Hawo, kuna kitu kinaungua."

"Ni vibuyu, Katana. Kila safari lazima tuimbe wimbo huu? Nyinyi Wagiriama mnakunywa mnazi unaonuka soksi halafu mnakuja kutufundisha maziwa?"

"Mnazi uache, haujakukosea." Hakucheka. "Fungua."

Akafungua kifuniko. Mvuke ulipotawanyika wote wawili wakainama. Chini kabisa, maziwa yalikuwa yanachemka rangi ya chai. Pembeni yameganda ngozi nyeusi, na kasia la kukoroga, lile linalojizungusha lenyewe, linaburura mabonge.

"Na geji inasema ngapi?" Katana akauliza.

"Arubaini."

Katana akaelekeza kidole. Kijiti cha geji, kile kinachoingia ndani ya tangi, kilikuwa kinaning'inia juu, kikavu. Maziwa hayakukifikia. Tangi lilitengenezwa la miaka ya mvua, miaka ya kujaa. Mshale ulikuwa unapima hewa, na Hawo asubuhi nzima amekuwa akiipikia hewa.

Hawo akashika ukingo wa tangi, ukamuunguza, akauachia.

"Yapeleke hivyo hivyo," akasema. "Waambie ni moshi. Wameshazoea."

"Dada yangu. Mimi nimezoea. Huu si moshi."

Katana hakuwa mtu mbaya. Alitoka, akampigia tajiri wake, akaongea kwa upole, akabembeleza kabisa, halafu akawa anasikiliza tu. Aliporudi hakumtazama Hawo usoni. Akasema "poleni sana", kwa wingi, akapanda lori. Lilienda jepesi, likirukaruka kwa mashimo.

Hawo alitoka kwa kina mama waliokaa kwa kivuli cha ukuta, akawaambia. Hakujitetea. Gumato akaomba kikombe, akachota kwa tangi, akapuliza, akanywa. Akampa mama wa pili. Wa pili akampa wa tatu.

"Mbona matamu?" Gumato akasema. "Hawo, haya si maziwa tu?"

"Yameungua, shangazi."

"Yananuka nyumbani."

"Ndio. Hata mimi yalininukia hivyo."

Hapo Gumato akaelewa: Hawo alidhani ni moshi wa vibuyu.

"Kwa hivyo kesho tukikamua tulete wapi?"

Kina mama wakaanza kufunga vibuyu vyao, mmoja mmoja, bila kelele. Nuhu akachungulia kutoka nyuma ya boila, jasho tupu.

"Nizime?" akauliza.

"Zima."