Habari Mbaya Kwanza

Mimi siwaombi wafadhili. Nawapigia simu. Kama huoni tofauti, njoo ofisini kwetu Jumatatu yoyote asubuhi, ukalie kile kiti kinachoyumba, usikilize. Sisi tunatengeneza miguu ya bandia, na kazi yangu ni kuhakikisha kila aliyetuchangia anajua mchango wake umekanyaga wapi. Naanza na habari mbaya. Nzuri inafuata, ikiwepo.

Wapo wanaoniona sina akili timamu. Mzee wa Mabati hakuwa mmoja wao. Alikuwa na duka la mabati ya kuezekea, na mishahara ya mafundi wetu ilitoka dukani humo. Nikimpigia, hata shikamoo yangu haifiki mwisho.

"Haya, mwanangu, wapi kunavuja?"

Basi namwaga kila kitu: soli zimechelewa, tanuri limegoma, mguu wa kinyozi umepasuka tena. Aliuliza maswali mpaka sikio likapata moto. Siku nikikosa la kulalamikia, alinuna. "Usinivishe kilemba cha ukoka," alikuwa akisema. "Tafuta vizuri, nasubiri." Na kweli nikitafuta nilipata.

Mzee akafariki. Duka likabaki kwa mkewe na wanawe, na wale wana walishatamka bila kupepesa macho kwamba pesa za miguu zingefaa zaidi kununulia lori. Mama mwenyewe akatutumia ujumbe: atakuja kutuona kwanza, ndipo aamue. Akikataa, mafundi wanarudi makwao na karakana inafungwa. Tulijua hivyo sote, mpaka mfagizi.

Mkurugenzi akamkabidhi mpwa wangu maandalizi ya ugeni huo. Ni binti wa mdogo wangu. Nimembeba mgongoni, nimemfundisha kufunga kamba za viatu, na sasa ndiye ofisa masoko wetu. Usimdharau. Picha zake za watu wakichukua hatua ya kwanza zimetuletea marafiki ambao simu zangu zisingewafikia. Kazini tumekubaliana aniite kwa cheo, ila akichemka cheo anakisahau.

"Mama mkubwa, mgeni haonyeshwi nyufa!"

"Huyu si mgeni. Mumewe alizijua nyufa zetu zote."

"Mumewe hayupo. Huyu hatumjui. Niachie siku moja tu nifanye kazi niliyosomea."

Nikakasirika, na mimi nikikasirika hunyamaza, jambo ambalo ndugu zangu wanaliogopa kuliko makelele. Nikamwachia.

Siku ilipofika, ukuta ulinuka rangi mbichi. Miguu ilipangwa mezani kama viatu dukani. Kwenye mlango wa karakana lilining'inia bango la Mzee wa Mabati akitabasamu, kubwa kuliko mlango wenyewe, kiasi kwamba ulilazimika kumsogeza marehemu ndipo upite. Mama akaja peke yake, mwembamba, mkoba kwapani. Akamsikiliza mkurugenzi hadi mwisho. Akalitazama bango kwa muda mrefu.

"Hapa alikuwa ametoka kunyolewa," akasema. Kisha akageuka. "Kinyozi yuko wapi?"

Mkurugenzi akanitazama. Nikamtazama mpwa wangu. Naye akatazama sakafu, na hapo nikaelewa. Alikuwa amemwomba kinyozi asije. Mguu ulikuwa umevunjika, angekuja na magongo, na magongo yangeharibu sherehe.

Angeweza kusema kinyozi anaumwa. Nilimwona akilitafuta neno hilo mdomoni. Namjua tangu alipokuwa akituibia sukari. Mkurugenzi naye alikuwa ameshaanza kukohoa ili amsaidie. Lakini binti yule akainua kichwa.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia asije. Mguu wake umevunjika kwa mara ya tatu, nikaona aibu uuone. Kibanda chake kipo mtaa wa nyuma. Ukiruhusu, nitakupeleka sasa hivi."

Nasema wazi: nilijivuna. Nilijivuna mpaka blauzi ikanibana. Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimemnunia.

Tukaenda kwa miguu, mama mbele na mpwa wangu, mimi nyuma na fundi mkuu. Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja huku amekalia stuli ndefu, magongo yameegemezwa kwenye kioo. Mguu wake ulikuwa pembeni, ndani ya ndoo, pamoja na ufagio.

"Karibuni," akasema. "Mnisamehe, sisimami kupokea wageni. Walaumuni hawa mliokuja nao."

Mteja alicheka mpaka kinyozi akalazimika kuondoa mashine kichwani mwake. Mama akauchukua mguu kutoka kwenye ndoo, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Kwa nini unavunjikia hapa kila mara?"

Fundi mkuu akajikuna shingo. "Mama, tulimtengenezea mguu wa mtu anayetembea. Yeye kazi yake ni kusimama. Kutwa nzima anamzunguka mteja, na kila akigeuka uzito wote unakuja upande huu. Tulitakiwa tuje tumwangalie akiwa kazini tangu mwanzo. Hatukuja. Ulipovunjika mara hii ndipo tukaja, tukakaa hapa kutwa, na kifundo kipya cha mguu kinatengenezwa kwa namna nyingine."

"Na hicho nacho kikivunjika?" Swali hilo hakumwuliza fundi. Aliniuliza mimi.

"Nitakupigia simu."

"Hata kama nitakuwa nimekataa kutoa?"

"Hata hivyo. Utakuwa umekataa kutoa pesa, mama. Habari bado ni haki yako, duka lenu limetembea na mguu huu tangu enzi za mzee."

Aliurudisha mguu kwenye ndoo taratibu, akaupanga vizuri kando ya ufagio. "Nitazungumza na wanangu," akasema, akaaga.

Tuliporudi, mpwa wangu akasimama mbele ya bango. "Nimeharibu, mama mkubwa."

"Bango limeharibu. Wewe umenipa heshima ambayo sikuitegemea." Kisha nikamwambia anisaidie kuliteremsha, maana lilitupiga usoni kila upepo ulipovuma.

Jumatatu ikafika. Hakuna aliyekuwa ametupigia, si mama wala wanawe, na mafundi walifanya kazi siku hizo bila redio. Nikakaa, mpwa wangu akavuta kile kiti kinachoyumba, nikabonyeza namba ileile ya mzee. Ikaita. Ikaita mpaka nikakaribia kuikata.

"Haya, mwanangu, wapi kunavuja?"

Ilikuwa sauti ya mama.

"Mbona kimya? Ulidhani mzee alikuwa anakusikiliza peke yake? Simu aliiweka mezani, tunakunywa chai, wote tunasikia. Huyo kinyozi namjua kuliko majirani zangu. Nilipoliona lile bango niliogopa kwamba zile simu zimekufa naye." Akashusha pumzi. "Mafundi waendelee. Lori litasubiri. Haya, sema."

Nikaiweka simu sauti ya juu, nikaisukuma mbele ya mpwa wangu. Akanitolea macho. Nikamwonyesha kwa kidevu: wewe.

Akaisogelea simu. "Shikamoo, mama. Naanza na mbaya. Mguu mpya wa kinyozi haujavunjika, lakini unalia. Kila akigeuka unalia, na wateja wanamtania."

Kikombe kikagonga kisahani upande wa pili. Kisha ikaja sauti ya kiume, nzito, ya mmoja wa wale wana wa lori.

"Unalia wapi hasa? Kwenye kifundo, au juu yake?"