Uso Wangu, Alama za Bingwa

Shule yetu ililetewa vishikwambi kumi na viwili, vyote kwa ajili ya wasichana. Wafadhili walijua wanashughulika na watu wa namna gani: kila kimoja kilifunguka kwa uso wa msichana wake tu, na kila baada ya dakika tano kilidai kuuona tena.

Mwalimu mkuu alikuna kichwa siku mbili, kisha akapata dawa. "Wavulana ndio wana mtihani mgumu mwaka huu," alisema, kana kwamba sisi tungetahiniwa kufagia. Kila msichana akapangiwa mvulana. Mimi nikaangukia kwa mpwa wake, tuliyemwita Bingwa kwa sababu hakuwahi kushinda chochote.

Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kutoa uso. "Usiguse, utaharibu," mwalimu mkuu aliniambia. Basi miezi mitatu nilikaa mikono mapajani, nikimtazama Bingwa akikosa hesabu moja baada ya nyingine. Mashine ilikuwa na subira kunishinda. Ilimweleza kila kosa taratibu, naye akipiga miayo. Roho iliniuma, lakini kusikiliza hakuna aliyenikataza.

Kisha akaja dada mmoja kutoka kwa wafadhili, na nafasi moja ya chuo cha ufundi wa umeme. Niliitaka nafasi ile hadi usingizi ukanipaa. Dada akafungua orodha ya alama zilizotunzwa na vishikwambi. Mbele ya jina langu: thelathini na moja kwa mia.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Wewe bado unahitaji msaada."

"Dada, naomba nijaribu tena, hapa hapa."

Mwalimu mkuu akakohoa. Dada akanipa kishikwambi. Kikaniona, kikafunguka, na kwa mara ya kwanza nikakigusa. Nilipomaliza maswali, kikaandika tisini na nne.

Dada alikitazama mara mbili. "Kutoka thelathini na moja? Mwalimu, mmefanyaje?"

"Ufuatiliaji wa karibu," akajibu mwalimu mkuu bila kupepesa macho. "Mtoto wa kike nampa kipaumbele. Hata kiti nilimtafutia mwenyewe."

Dada akaandika yote, akampiga picha, kisha akanigeukia. "Ni kweli, mdogo wangu?"

Nilikuwa na maneno ya kujaza daftari zima. Lakini fomu ya chuo ilikuwa mezani, na kalamu ya kuisaini ilikuwa mkononi mwa mwalimu mkuu, bado ina kifuniko.

"Kweli, dada," nikasema. "Kiti alinitafutia."