Miezi Minane ya Kitunguu Saumu

Jumatano ya pili ya mwezi wa kumi, saa tatu asubuhi, Mal-sun alikuwa ameketi barazani akibangua vitunguu saumu vya mbegu. Punje kubwa alizitia kwenye beseni jekundu, ndogo kwenye beseni la buluu la kwenda jikoni, na zilizooza alizirusha uani bila kuangalia zinakoangukia. Kipaza sauti cha mwenyekiti wa kijiji kilikuwa kikikoroma juu ya nguzo: chanjo ya mafua kwa wazee ni kesho, na yeyote aliyeazima bomba la kijiji la kunyunyizia dawa alirudishe, anajijua. Mal-sun hakuwa ameazima bomba. Alikuwa na miaka sabini na minne, magoti mabovu, na siku tatu.

Siku hizo tatu zilitokana na simu. Shemeji yake Gi-tae, kaka mkubwa wa Gi-hwan, marehemu mumewe, alikuwa amempigia kutoka Busan kumwambia asijisumbue kupanda mwaka huu. Jumamosi angekuja na wanawe kwa ajili ya tambiko la mama yao, na magari sasa yalikuwa yameongezeka, kila kijana na lake, wakati barabara ya kijiji hata baiskeli mbili zikikutana lazima moja iombe radhi. Kwa hiyo Jumatatu katapila lingekuja kusawazisha bustani iliyo nyuma ya nyumba, kisha wangemwaga zege ili magari yapate pa kukaa. "Nawe upumzike, shemeji. Umri umekwenda," alimalizia Gi-tae, na alikuwa anamaanisha, kwa sababu alikuwa mtu mpole. Nyumba na bustani vilikuwa kwa jina lake, akiwa mzaliwa wa kwanza. Mal-sun alikuwa ameilima bustani hiyo kwa miaka hamsini na miwili, lakini hayo hayaandikwi kwenye hati.

Hata hivyo kijiji kilikuwa na kanuni yake, iliyoheshimiwa hata na wanaume waliohamia mjini. Ardhi iliyokwisha kupandwa kitunguu saumu haichimbwi mpaka kivunwe, na kinavunwa mwezi wa sita. Bomba la maji lilishasubiri. Barabara ya lami ilishasubiri. Kuna mwaka jeneza la mwenyekiti wa zamani lilizungushwa kwa njia ya mbali ili wabebaji wasikanyage matuta. Mal-sun alichohitaji ni kuwahi tu: matuta kumi na mawili, punje elfu tatu hivi, zote ziwe ardhini kabla magari ya Busan hayajapiga honi. Kwa magoti yale, hiyo ilikuwa kazi ya siku nane.

Alikuwa bado anapiga hesabu hiyo pale mlango wa ubavuni ulipolia na mavyaa wake kuingia, mama wa marehemu mumewe, akiwa na jembe lake dogo la mkono. Huyu alikuwa amefariki miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa na miaka sabini na minane. Alivaa suruali yake ya maua ya kazi, na kile kigoda cha sponji ambacho wanawake wa huko hujifunga makalioni ili wakae popote shambani kilikuwa kimeshafungwa tayari. Viatu alivivulia chini ya baraza, kama mtu mwenye adabu.

"Umekula, Mama?" akauliza Mal-sun.

"Nikale wapi? Mbona mpaka leo ndiyo kwanza unabangua? Wenzako wameshaanza kufukia."

Mal-sun akasogeza mabeseni nyuma yake na kuyafunika kwa aproni. Aliona ni utovu wa adabu kuyaacha wazi. Kila mtu anajua kwamba wafu hawawezi kuvumilia harufu ya kitunguu saumu, ndiyo maana kwenye meza ya tambiko hakiwekwi, wala pilipili nyekundu, hata chembe.

"Unaficha nini?"

"Kitunguu saumu, Mama. Nisije nikakuudhi."

"Nani kakwambia kinaniudhi?"

Mal-sun akafikiri. "Shemeji. Naye aliambiwa na baba."

"Na huyo baba alimuuliza nani? Alikuwa ameshakufa?"

Bibi akafunua beseni, akachukua punje moja nene, akaimenya kwa ukucha wa kidole gumba na kuitia mdomoni. Aliitafuna polepole, macho yamefumba. Kisha akasema kuwa mwaka wa kwanza alipoitwa mezani alikuta chipukizi za soya zilizochemshwa kwa chumvi tu na samaki asiye na ladha yoyote. Akala kwa heshima. Mwaka wa pili akakuta vilevile. Tangu hapo hakwenda tena. Mzee wake huenda peke yake na kula mabakuli yote mawili.

"Ndiyo maana huwa naona yamepungua yote," alisema Mal-sun.

"Mlafi yule. Nipe nyingine, na unipe na soya iliyochachuka ya chungu kile cha zamani."

Akaletewa. Alipomaliza walishuka bustanini na kuanza kazi. Mal-sun alichora mistari kwa kamba, mavyaa akafuata nyuma akichomeka punje, mizizi chini, ncha juu, shubiri moja kati ya punje na punje. Magoti ya bibi yalikuwa hayamuumi tena, na kigoda kilimfuata kwenye mtaro kama bata. Zamani, bibi huyu alikuwa na mdomo mkali, na kwa miaka thelathini na mitatu waliyokaa pamoja Mal-sun hakuwahi kuchimba shimo lisilokosolewa. Hata sasa lilikosolewa. Lakini safari hii walikuwa wamepishana miaka minne tu, na Mal-sun akajikuta akimjibu.

"Shimo hilo la kuku kutagia?"

"Basi chimba wewe, Mama, mimi nitage."

Bibi akacheka mpaka akashika udongo. Mal-sun alifurahi, alifurahi waziwazi, akaona aibu kidogo kwamba amesubiri mpaka sasa.

Alhamisi asubuhi walikuwa kwenye tuta la saba. Bi Deokchon, jirani yao, alipita akisukuma kile kigari cha mtoto alichokitumia kama mkongojo. Kijijini pale wanawake walioolewa huitwa kwa vijiji walikotoka. Yeye alikuwa ametoka Deokchon, na Mal-sun ametoka Sangdong.

"Bi Sangdong! Huyo si mavyaa wako?"

"Ndiye."

"Shikamoo, dada. Umekonda kidogo."

"Kule hawaweki kitunguu saumu," alijibu bibi bila kuinua kichwa.

"Mzee wangu umemwona?"

"Nimemwona. Anacheza karata."

"Anashinda?"

"Wapi! Anafungwa kila siku."

"Basi ndiye mwenyewe," akasema Bi Deokchon, akaridhika. Alisimama kidogo akitazama mikono ya bibi inavyokwenda, halafu akauliza kama ana nafasi wiki ijayo, maana naye ana matuta manne na kiuno hakifai. Bibi akasema ataona. Jioni Bi Deokchon akaleta mafungu sita ya mabua makavu ya mpunga kwenye kigari chake, ya kufunikia matuta.

Ijumaa alasiri punje ya mwisho ikaingia ardhini. Wakanawa mikono kwenye bomba la uani, na harufu haikutoka, na hakuna aliyetaka itoke.

Jumamosi yalikuja magari matatu. Moja lilibaki kwenye kituo cha basi, moja mbele ya ghala la Bi Deokchon, na la tatu likakwama penye kona na kusukumwa. Wanaume wakavaa suti. Mal-sun alikuwa amesimama jikoni tangu alfajiri akikaanga vipande vya samaki na tofu, na mavyaa wake akiwa pembeni akigeuza kwa vijiti, akisema mafuta ni mengi.

Gi-tae alipita mlangoni kwenda kuchukua trei akamwona mama yake. Akaweka trei chini, akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni na suti yake, akainama mpaka paji la uso likagusa mikono.

"Mama. U mzima?"

"Nipo. Umenenepa."

"Karibu mezani, Mama. Tumekuandalia."

"Nitakuja. Weka kitunguu saumu kwenye chipukizi za soya."

Gi-tae akakaa vizuri kwa magoti yake. Alionekana kusikitika kwa dhati. "Mama, hilo haliwezekani. Wafu hawali kitunguu saumu."

"Mimi nakula."

"Najua unatania, Mama. Lakini watoto wako pale wanaangalia. Nikivunja desturi mimi, wao watafuata nini?" Akainama tena, akabeba trei, akaondoka kinyumenyume ili asimpe mama yake mgongo.

Tambiko likafanyika vizuri. Wanaume wakainama mara mbili mbele ya meza, wakamwaga pombe ya mchele, wakageuka ukutani kwa heshima ili marehemu wale bila kutazamwa. Walipogeuka tena mabakuli yote mawili ya wali yalikuwa yamepungua, na upande wa mzee mifupa ya samaki ilikuwa imepangwa safi pembeni. Jikoni, wanawake wawili walikuwa wamekaa chini wakichanganya wali na mboga kwenye sufuria moja. Kichwa kizima cha kitunguu saumu kilichopondwa kilikuwa ndani, na walikula kwa vijiko viwili.

Jumapili asubuhi Gi-tae alitoka nyuma ya nyumba na kikombe cha kahawa. Akayakuta matuta kumi na mawili, yamenyooka, na mama yake amechuchumaa katikati akitandaza mabua. Mal-sun alikuwa akiosha vyombo kwenye dirisha la jikoni, na dirisha lilikuwa wazi.

"Kumbe mmeshapanda," alisema Gi-tae.

"Tumepanda."

"Basi mpaka mwezi wa sita." Hakukasirika. Kanuni ni kanuni. Akatoa simu na kumpigia mwenye katapila, akaomba radhi sana kwa usumbufu, akapanga tarehe ya mwisho wa mwezi wa sita.

Bibi akasubiri amalize. Kisha akainuka, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Gi-tae. Bustani hii ilikuwa mawe matupu. Mawe hayo niliyatoa mimi kwa kichwa, nikiwa na mimba yako, ukuta ule pale ndiyo hayo mawe. Nilimwambia baba yako aniandikie kipande hiki. Akasema tuone baada ya mavuno. Mavuno yakaja arobaini na kitu. Sasa mimi sina haja nacho. Mwandikie mke wa ndugu yako."

Gi-tae alimsikiliza ameinamisha kichwa, mikono ameikutanisha mbele, kahawa ameiweka juu ya ukuta. Hakumkatiza hata mara moja. Mama yake alipomaliza akasema amesikia, na kwa sababu ni mama yake amesema, atalitafakari. Akafungua tena simu ili aandike jambo hilo asije akalisahau.

"Niandike jina gani, Mama?"

"La mke wa Gi-hwan."

"Ndiyo, Mama. Lakini kwenye hati wanataka jina lake mwenyewe."

Bibi akatazama matuta. Gi-tae naye alitazama simu, ambamo namba ya shemeji yake alikuwa ameihifadhi kwa maneno Nyumbani Kijijini. Alingoja kwa heshima zote. Kule dirishani Mal-sun alikuwa amezamisha mikono majini, na sahani imesimama kati ya vidole vyake. Haikuwa desturi ya mwanamke kupaza sauti dirishani wakati mama na mzaliwa wa kwanza wanazungumza, naye pia alikuwa na hamu ya kusikia watasema nini. Jogoo wa Bi Deokchon aliwika, akanyamaza.

"Basi, Mama," akasema Gi-tae hatimaye kwa upole, na kuirudisha simu mfukoni. "Tuone baada ya mavuno."

Waliondoka saa nne. Mal-sun aliwapakilia magunia matatu ya vitunguu saumu vya mwaka uliopita, kila gari lake, kama ilivyokuwa kila mwaka, na vijana wakamshukuru wakamwita mama mdogo. Gi-tae alimwinamia mama yake pale pale barabarani, na dereva mmoja wa trekta akasubiri mpaka amalize.

Magari yalipokwisha kupita kona, Mal-sun alivaa kigoda chake akashuka bustanini. Yalikuwa yamebaki matuta matano ya kufunika. Jua lilikuwa zuri, si kali, na udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha. Walitandaza mabua tuta zima. Mavyaa hakukosoa chochote, na hilo lilimfanya Mal-sun amtazame.

"Wewe," alisema bibi, bado ameinama. "Unaitwa nani?"

"Mal-sun."

"Mal-sun." Akalirudia taratibu, na tena mara ya pili. "Miaka thelathini na mitatu tumekula chungu kimoja. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama."

Bibi akatikisa kichwa kukubali. Akachukua fungu jingine la mabua, akalifungua, akasema mwezi wa sita Gi-tae akija atamwambia. Mal-sun akasema sawa, Mama. Alijua Gi-tae angekuja siku ileile ya katapila, na kwamba angemwinamia mama yake kwanza. Lakini hiyo ilikuwa miezi minane mbele. Punje elfu tatu zilikuwa chini, zote ncha juu, na kwenye tuta linalofuata mavyaa wake alikuwa ameshaketi, akimwita kwa jina lake amletee mabua.