Shimo Lililoachwa Wazi

Wageni wa jumba la sanaa pale Adelaide, Australia, walisimama mbele ya picha ya Mavis Napaljarri wakasahau kuondoka, na walikuwa na haki. Picha ilijaza ukuta mzima: mashimo ya akina mama wa kale waliopita jangwani wakichimba vitunguu pori, nukta juu ya nukta, nyekundu, manjano na nyeupe, hata ukiitazama sana unahisi ardhi inapumua. Katikati palikuwa na doa jeusi, tupu.

"Ukimya ule!" alinong'ona bwana mmoja. Doa lile ndilo walilolipenda kuliko yote.

Mavis mwenyewe sifa hazikumwingia. Alikaa karibu na mlango, kaukumbatia mkoba wenye kijiti chake cha kuchorea na kikopo cha rangi nyeupe, akimngoja binamu yake.

Kwao, wenyeji wa asili wa jangwa lile, mtu hajichorei tu. Mavis aliirithi nchi ile ya pichani kwa baba, basi kuichora ni haki yake. Hilda Nampijinpa, mtoto wa shangazi yake, aliirithi kwa mama, na kazi yake ni kuilinda: kutazama, kukosoa, kusema hapa sawa, hapa umepotoka. Bila neno lake, picha ni kitambaa kilichopakwa rangi. Na Hilda hakujua kusifu kwa maneno matamu. Akiridhika, anatukana. Akinyamaza, ujue umeharibu. Miaka yote walichora hivyo, wamekaa mchangani, matusi yakiruka, mbwa wakikanyaga turubai. Kisha figo za Hilda zikashindwa, akahamishiwa mjini kwenye mashine ya kusafisha damu, na picha ikabaki nusu. Mavis aliendelea nayo peke yake, kwa hofu. Leo Hilda akiiona na kunyamaza, ataomba ishushwe, na sifa zote ziende na maji.

Hilda akaletwa kwenye kiti cha magurudumu. Amekonda, lakini macho ni yale yale.

"Mbona nchi mmeisimamisha?" alimuuliza Fiona, msimamizi wa jumba. "Imewakosea nini?"

"Ni ili watu waione, mama."

"Mimi siioni. Ilazeni."

Fiona, Mungu ambariki, hakubisha. Picha ikashushwa, ikalazwa sakafuni. Hilda akaizunguka taratibu, magurudumu yakilia, asiseme neno. Akazunguka tena. 

Hatimaye kiti kikasimama penye doa jeusi.

"Shimo la mama wa kale liko wapi?"

"Hukuwepo, Nampijinpa. Ningemwuliza nani?"

"Kwa hiyo ukaliruka?"

"Nilikuachia wewe."

 Hilda akafumba macho, akaanza kuimba wimbo wa shimo lile, sauti nyembamba, pumzi ikikatika na kurudi. Mavis alishuka sakafuni, akafungua kikopo.

"Lakini si imeshakwisha?" Fiona aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani kakwambia?" Mavis akajibu bila kugeuka, akachovya kijiti.

Akaweka nukta, na nyingine, mkono ukifuata wimbo, duara ndani ya duara. Nimewaona wachoraji wengi, lakini mkono ule ulikuwa kitu kingine kabisa. Watu walijisogeza kimya kimya, na hakuna aliyekohoa hadi wimbo ulipokwisha na doa likawa shimo, limefunguka, limejaa vitunguu.

Hilda akainama, akatazama. Kimya. Mavis hakuthubutu kuinua uso.

"Napaljarri."

"Abee."

"Nukta gani hizi? Kenge mlevi kakanyaga rangi?"

Mavis aliangua kilio na kicheko kwa pamoja. "Na wewe bichwa kama kitunguu kilichooza!"

Hilda akajifuta macho kwa kiganja, akamgeukia Fiona.

"Haya, isimamisheni. Sasa waione."